UZI: Dar mpaka Mtwara kwa gari kwenda kuvua kwa mshipi, siku kumi. Watu wa Kusini, kagueni mpango wetu kabla hatujapotea

Mshipi Mrefu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Tuko watatu, wote wa Dar, wote tunajiita wavuvi, na wote tukiulizwa samaki wako wapi tunaanza kuelezea hali ya hewa. Miaka minne tunakaa kwenye mawe ya Coco Beach kila Jumapili alasiri, tunarudi na chaa wawili na shingo zilizoungua. Mwaka huu kwa mara ya kwanza likizo zetu zimeangukia pamoja, mwezi wa 12, tumeamua kushuka Kusini.

Mpango uko hivi. Tarehe 17 alfajiri tunatoka Dar, tunalala Kilwa Masoko. Tarehe 18 na 19 tunavua Kilwa. Tarehe 20 tunasogea Lindi mjini, tunapumua kidogo. Tarehe 21 mpaka 25 ni Mtwara: Mikindani, Shangani, halafu Msimbati, maana huko ndiko tunakosikia kuna samaki wa kuvunja fimbo. Tarehe 26 tunageuza mpaka Dar kwa mkupuo mmoja.

Gari ni Prado ya mwenzetu, kuukuu lakini inasikia. Vifaa tumeshaanza kununua Kariakoo: fimbo tatu na rili zake, mshipi wa kusuka wa pauni 50, ndoano za kila saizi, samaki wa plastiki wa kurambazia (kuwaburuta nyuma ya boti) kama kumi na mbili wenye rangi ambazo hata samaki mwenyewe atazionea haya. Boti hatuna, tutakodi hukohuko. Samaki tunataka kurudi nao nyumbani, maana wake zetu wametuambia wazi tukirudi mikono mitupu tutafute pengine pa kulala.

Naomba mnisahihishe: ratiba, vifaa, boti, barabara. Bajeti ipo ya kawaida, si ya kifahari.

Mzee wa Chai

Nimekaa siti ya mbele. Mrejesho uwe na picha, tusije kuletewa chai.

Kenge wa Kibiti

Mkuu, mimi nazungumzia barabara tu, samaki nawaachia wenyewe.

Dar mpaka Nangurukuru ni kama kilomita 300. Hapo mkikata kushoto mnaenda Kilwa Masoko, kama 30 hivi. Mkinyoosha ni Lindi, halafu Mingoyo, halafu Mikindani na Mtwara. Jumla Dar mpaka Mtwara ni 560 na ushee. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri unafika jua lingali juu, ukiacha papara.

Papara ndiyo inayokula hela. Kila kijiji kina kibao cha 50, na kila penye kibao cha 50 pana mwembe, na chini ya mwembe pana trafiki na tochi ya kupima mwendo. Faini ni elfu 30 kwa kosa. Niliwahi kulipa mara tatu kati ya Mbagala na Ikwiriri, siku moja, nikiwahi msiba.

Jingine ni mvua. Kusini hakuna vuli na masika kama Dar, kuna msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, Mei. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita maji yaliikata barabara eneo la Somanga, malori yakalala foleni siku kadhaa. Kabla ya kuvuka daraja la Mkapa pale Rufiji ulizeni madereva wa mabasi yanayotoka Mtwara. Wao wameiona barabara asubuhi hiyo.

Fundi Suka

Vifaa. Mkuu umenunua kama mtu aliyekwenda sokoni na njaa.

Samaki wa plastiki kumi na mbili ni wengi, wanne wanatosha. Hela iliyobaki nunua waya. Nguru na mzia wana meno ya mkasi, mshipi wa kusuka hata uwe wa pauni 100 wanaukata kama uzi wa kushonea. Funga waya wa kama shubiri moja na nusu kabla ya ndoano. Kwa kolekole usiweke waya, ana macho. Yeye mwekee nailoni nene ya pauni 80 au 100, urefu wa mkono mmoja na nusu, kwa sababu akishashika tu anakimbilia kwenye mwamba kuusugua mshipi.

Breki ya rili mnafunga vipi? Wengi wanakaza mpaka mwisho kwa kuogopa samaki asikimbie. Kaza mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Wa pauni 50, breki ianze kuachia kwenye pauni 16 hivi. Pimeni nyumbani: funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya muuza nyama, vuta fimbo, soma. Dakika tano. Sijaona kundi la kutoka Dar lililofanya hivyo.

Ndoano saizi ya 6/0 na 8/0 zinatosha kwa wakubwa, ongeza pakiti moja ndogo za chambo. Na koleo la kung'olea ndoano, refu. Mzia akiwa ndani ya boti bado hajakubali kwamba ameshavuliwa.

Halafu beba mshipi wa mkono, ile nailoni nene iliyozungushwa kwenye kibao. Utaniambia.

Mshipi Mrefu

Mshipi wa mkono tena mkuu? Fimbo tatu tumezinunua kwa hela ya kodi ya nyumba.

Fundi Suka

Utaniambia.

Nahodha wa Mikindani

Wanangu, nimesoma mpango wenu mara mbili. Nimevua bahari hii kuanzia Sudi mpaka Msimbati zaidi ya miaka thelathini, sasa macho yananisumbua, navua kwa mdomo.

Mmepanga safari kwa kilomita. Safari ya baharini hupangwa kwa mwezi.

Tarehe 17 mwezi wa angani utakuwa na siku saba au nane tangu uandame. Kuanzia hapo mpaka siku ya kumi, kumi na moja hivi, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, mkondo umelala. Tarehe 24 mwezi umeshakuwa mpevu, hilo ni bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, yote yakipita kwenye milango ileile myembamba kati ya miamba. Ninyi mmejipeleka Msimbati katikati ya bamvua. Kule kina kiko karibu na ufukwe, ndiyo sababu samaki wakubwa wanasogea karibu, lakini mkondo wa bamvua mlangoni utawashangaza. Mtatupa chubwi, lile zito la kuzamishia mshipi, ya nusu kilo mkidhani imefika chini, kumbe inaelea nyuma ya boti kama bendera. Chewa na changu wako chini kabisa, hamtawagusa. Nahodha atahangaika na nanga kutwa, petroli itakwisha, mtasema Mtwara hakuna samaki.

Mimi ningegeuza. Tarehe 17 nyoosheni moja kwa moja mpaka Mtwara. Tarehe 18 mpaka 21 vueni huku maji yakiwa mafu, mshipi unashuka wima, mnasikia samaki akigonga kama mtu mlangoni. Halafu mnarudi taratibu: Lindi siku mbili, Kilwa mnaifikia kwenye bamvua. Kilwa ina milango na vijito vya mikoko, maji yakianza kujaa vidagaa vinaingizwa ndani na kolekole wanavifuata. Pale hata bila boti, mkisimama ukingoni, mtashika.

Na bamvua la pwani yetu lina saa zake. Maji hujaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Mkijua hilo hamhitaji kumsumbua mtu kwa simu.

Jongoo wa Bamvua

Shikamoo Nahodha, ila hapa nakupinga kidogo. Nguru na kolekole wanataka maji yanayotembea. Maji mafu wanakaa tu. Mimi kolekole wangu wote wakubwa nimewapata bamvua, karibu na mwamba wa nje, nikirusha samaki wa plastiki maji yakiwa yanaanza kutoka.

Nahodha wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Hujanipinga, umesema nilichosema. Wewe unarusha juu, mimi nazamisha chini. Kila uvuvi na maji yake. Hawa vijana wana siku kumi, watapata yote mawili wakiyapanga. Kurambaza nguru mnaweza siku zozote, alfajiri, mkienda na mkirudi kutoka kwenye mwamba. Boti imeshakula petroli, iache na mshipi nyuma.

Na upepo. Desemba ni kaskazi, asubuhi bahari inakuwa shwari kiasi, mchana upepo unaamka. Tokeni saa kumi na moja, rudini saa sita. Asiyetaka kuamka abaki Shangani aote jua.

Mshipi Mrefu

Nahodha shikamoo. Nimewaonyesha wenzangu, mmoja kakaa kimya dakika nzima halafu kasema "tumekuwa wajinga miaka minne". Maana Coco tulikuwa tunakwenda kila Jumapili, maji yawe yamejaa au yamekupwa.

Tumegeuza ratiba. Mtwara kwanza.

Binti Feri

Mkaka, kugeuza ratiba kumekuokoa na jambo jingine ambalo hamjalitaja nyote mlioandika hapa, maana wanaume mkianza kuzungumzia fimbo hamkumbuki samaki akishatoka majini anakuwa nyama.

Mimi nauza samaki Mtwara. Nawaona kila Desemba. Wanavua jodari mzuri saa mbili asubuhi, wanampiga picha, wanamwacha sakafuni kwenye boti mpaka saa saba, halafu wanakuja kuniuliza barafu bei gani. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto wanatengeneza sumu ndani ya nyama, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Unakula, nusu saa uso mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Watu wanasema karogwa, kumbe samaki alichelewa barafu.

Kwa mpango wenu wa kwanza mngebeba samaki wa Mtwara kilomita 560 kwenye gari lenye joto. Sasa samaki wa kupeleka nyumbani watakuwa wa Kilwa, wa siku ya mwisho, mwendo wa saa sita tu barabarani. Wa Mtwara kuleni huku, wapeni wenyeji, wabakizeni baharini.

Deli: nunueni mawili makubwa yenye kuta nene. Moja la samaki, moja la vinywaji na chambo. Msichanganye, kila anayetaka soda atafungua na baridi itatoka. Hesabu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, kwa joto letu hili msipunguze. Mkiwa baharini changanyeni barafu na maji ya chumvi iwe uji, samaki anapoa haraka kuliko kumwekea vipande juu. Mkate shavuni damu itoke, mtoeni matumbo na mashavu, halafu ndani. Kila asubuhi mnamwaga maji mnaongeza barafu. Kulala na samaki kwenye maji ya damu ya jana ni kuwapikia wake zenu ugomvi.

Chambo njooni Feri, sokoni kwetu samaki, alfajiri, vibua na ngisi wabichi. Ngisi anakaa kwenye ndoano, kibua ananuka vizuri. Mkiniona msijitambulishe, nitawajua kwa hiyo Prado yenu.

Mzee wa Chai

Uzi umepata mwenyewe.

Kusini Kuchele

Kuhusu Msimbati kwa gari, kwa sababu hapo nina kovu.

Ufukwe wa Msimbati watu wanaendesha gari juu ya mchanga, ni kweli, mpaka Ruvula. Ila punguza upepo wa matairi kabla hujaingia, siyo baada ya kukwama. Kutoka psi 35 shusha mpaka 18. Bebeni pampu ya kujazia, mkitoka kwenye mchanga mnajaza tena, msikimbie lami na tairi laini. Bebeni koleo la kuchotea mchanga, kamba ya kuvutia, na vipande viwili vya mbao.

Kovu lenyewe: niliegesha gari chini ya mstari wa majani ya bahari, yale makavu yanayoachwa na maji. Niliona mchanga mkavu, nikalala kwenye mkeka chini ya mvinje. Nimeamshwa na watoto wakicheka, maji yako mlangoni mwa dereva. Kijiji kizima kilikuja kuvuta. Hakuna aliyedai hela, walidai soda, na kreti mbili zilikwenda. Lile gari halijawahi kupona, kila kitu cha umeme kina akili yake. Mstari wa majani makavu ndio mpaka, egesha juu yake.

Pia kule ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000. Kuna ada ya kuingia, na kuvua kuna utaratibu. Piteni ofisi ya hifadhi kwanza mkaulize wapi panaruhusiwa na wapi hapana. Kwa sehemu zisizo hifadhi, ofisi ya uvuvi ya halmashauri watawaelekeza kibali. Na mkifika kijijini mwoneni mwenyekiti na watu wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya ufukweni. Kundi la wageni wenye boti usiku linaulizwa maswali, hasa upande wa Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji, na tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze 2017 hakuna anayechukulia mchezo. Vitambulisho mfukoni, na msimshawishi nahodha awapeleke mdomoni mwa mto "kuona tu".

Jongoo wa Bamvua

Naongezea afya. Raba za kutembelea kwenye mwamba, siyo kandambili. Urchini wa baharini (yule wa mviringo mwenye miiba), samaki jiwe na samaki taa hawajui kama uko likizo. Ukichomwa na mwiba wa taa au samaki jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kujiunguza, nusu saa na zaidi, ule moto unaivunja sumu. Halafu hospitali. Ndiyo sababu mimi chupa ya chai haikosekani kwenye boti. Bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, mkimvua mrudisheni, hata mtu akikuambia anajua kumtengeneza.

Mshipi Mrefu

Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Boti je? Jamaa mmoja kwa simu kaniambia bei, nikiitaja hapa mtacheka.

Nahodha wa Mikindani

Usikodi boti kwa simu. Fika, tembea ufukweni jioni boti zinaporudi, angalia nani anashusha samaki na nani anashusha stori. Huyo wa samaki msalimie, kaa naye, usianze na bei. Kesho yake mwulize kama ana nafasi.

Boti ya faiba yenye mashine ya nguvu farasi 40 inawatosha watu watatu na nahodha na msaidizi wake. Angalieni kuna jaketi za kuokolea, moja kwa kila kichwa, siyo zimefungiwa kwenye sanduku. Angalieni kasia, nanga na kamba ndefu, plagi za akiba. Elewaneni mapema petroli ya nani na samaki wa nani. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, si kwenye bei.

Na nahodha akitazama juu akasema leo hatutoki, kuleni ugali mkalale. Msimwonyeshe simu. Wazee wa Lindi wanakikumbuka kimbunga cha Aprili 1952 kwa kusimuliwa tu, lakini wanakumbuka.

Fundi Suka

Kabla sijasahau: maji baridi kila jioni. Galoni moja ya lita 20 kwa ajili ya rili peke yake, osha taratibu bila kuipiga na presha, maana presha inaingiza chumvi ndani. Kausha, tone la mafuta. Na chini ya Prado pia, mkifika Lindi tafuteni waosha magari.

Mshipi Mrefu

Wakuu, leo ni tarehe 17, saa nne asubuhi. Tuko Nangurukuru tunakunywa supu. Barabara nzuri, mvua tumeikuta Kibiti tu. Tochi moja, faini moja, dereva alikuwa anasimulia habari za breki ya rili.

Breki tumepima kwenye mizani ya muuza nyama. Fimbo zote tatu zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho. Fundi Suka, nilikuwa nakucheka, samahani. Na mshipi wa mkono tumebeba, vibao viwili.

Tatizo ni moja. Ndoo ya chubwi, zote, kilo nane, imebaki sebuleni kwa mwenzetu. Mke wake katuma picha yake, ameweka ua juu.

Nahodha wa Mikindani

Hapo mlipo kuna gereji?

Mshipi Mrefu

Ipo ng'ambo ya barabara, Nahodha.

Nahodha wa Mikindani

Omba plagi mbovu za magari. Funga nne pamoja kwa mshipi mwembamba kuliko mshipi wako mkubwa, zikikwama kwenye mwamba zikatike zenyewe ubaki na samaki. Sisi chubwi za madukani tumeziona uzeeni.

Mshipi Mrefu

Fundi katupa mfuko mzima, kadai elfu mbili na akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia Msimbati kuvua. Kachungulia ndani ya gari, kaziona fimbo, kauliza mshipi wa mkono tunao.

Tunaondoka.